Jina la Kumi na Moja

Zuwena mwanangu,

Mambo ya pasipoti, chandarua, dawa za malaria na maji ya bomba utayapata kwa mama yako, maana tangu juzi anayahubiri nyumba nzima. Halwa ameshaifunga mara tatu na kuifungua mara tatu. Mimi hapo sina la kuongeza. Nakuandikia baada ya Alasiri, nyinyi wawili mmekwenda kuaga kwa majirani, na nyumba imetulia. Barua hii nitaitia kwenye mkoba wako wa kompyuta. Isome ukiwa ndani ya ndege. Usiifungue kesho kwenye gari, kwa sababu mimi ndiye nitakayeendesha kutoka hapa Sur mpaka Maskati, na sitaki kuuona uso wako kwenye kioo.

Nina jambo la kukwambia, na nimelizungusha mdomoni kwa wiki tatu, tangu siku ile uliporudi na karatasi za kazi yako mpya ukazitandaza chini kabla hatujaondoa sahani. Ulikuwa na furaha. Ulinionyesha mto wa Pangani umechorwa kwa buluu, ukuta mpya wa mawe kando yake, gati la kivuko, banda la kina mama wauza samaki, na sehemu ya mikoko itakayopandwa na watoto wa skuli. Mji niliouacha nina miaka ishirini na miwili ulikuwa umelala mbele yangu, na ungeweza kuufunika kwa birika la kahawa. Nilikuwa nakuitikia tu. Sikuwa nasikia nusu ya maneno yako.

Halafu ukatoa orodha ya wenye nyumba za ukingoni, zile kumi na nne ambazo kampuni yenu inataka zisogezwe nyuma kupisha ukuta, na wewe ndiye utakayekaa na wenyewe mpaka waelewane nanyi. Ukasoma jina la kumi na moja: Mwanahamisi binti Seif. Ukaniangalia. "Baba, binti Seif, kama babu." Nikasema, "Majina yanafanana." Ukacheka, ukaendelea na la kumi na mbili.

Hayafanani, Zuwena. Ni Seif huyo huyo, na nyumba hiyo ipo palepale lilipokuwa ghala la baba yangu. Mwanahamisi ni dada yangu. Ni shangazi yako, na hujapata kumsikia kwa sababu mimi sikutaka umsikie.

Babu yako Seif alioa Bweni, ng'ambo ya mto, kabla hajamwoa bibi yako. Akazaliwa mtoto mmoja wa kike, kisha wakaachana. Mwanahamisi alikua huku na huku, siku za wiki kwa mama yake Bweni, Ijumaa na sikukuu kwetu. Alinipita miaka minne. Alinibeba mgongoni kwenye kivuko mpaka nilipomshinda uzito, na yeye ndiye aliyenifundisha kuutazama mto: ukiona maji yamekuwa rangi ya chai, huko juu kumenyesha, usiingie kuoga. Baba alikuwa akinunua mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, na harufu ya ghala ilituingia mpaka kwenye nguo za Idi. Pale Ibra kuna duka linalouza mafuta ya nazi. Kila tukipita nasimama kidogo mlangoni, na mama yako hudhani nimechoka miguu.

Baba alipofariki, jamaa wa huku wakatuita. Tuliondoka mimi, bibi yako na ami zako wawili, Said na Ali. Mwanahamisi alivuka asubuhi kuja kutuaga, kabeba vitumbua ndani ya jani la mgomba. Hakulia. Alinivuta pembeni akasema, "Nasoro, ukifika uandike. Na mimi nataka kuiona hiyo nchi ya baba." Nikamwambia, "Utakuja. Nikishapata karatasi zangu nakuvuta." Nataka ujue kwamba pale gatini nilikuwa nasema kweli.

Mwaka wa pili tukaitwa kujaza karatasi za uraia. Binamu yetu mmoja aliyetutangulia alinishika mkono nje ya mlango. "Waandike wa mama mmoja tu," akaniambia. "Ukimtia yule wa Bweni wataanza kuuliza maswali, na nyote mtakaa mkingoja." Nikaingia. Karani alikuwa kijana wa makamo yangu, mpole, hata alinipa kiti. Akauliza watoto wa Seif, akaandika Nasor, Said, Ali. Akainua kalamu akaniuliza, "Hawa ndio wote?" Nikasema, "Hawa ndio wote."

Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba za viatu. Ami zako walikuwapo wakanyamaza, lakini aliyeulizwa ni mimi. Binamu alishauri tu, hakunishika ulimi. Nimejaribu miaka yote hii kumtupia yeye lile neno na halishikamani naye.

Mwanahamisi alituma barua sita. Mbili za mwanzo nilizijibu. Ya tatu ilikuwa inauliza karatasi zimefikia wapi. Hapo nikakwama, kwa sababu kila nikishika kalamu ilibidi nimdanganye au nimwambie, na yote mawili yalinishinda. Akaandika ya nne, ya tano, ya sita, kisha akaacha. Zipo kabatini mwangu, kwenye kopo la biskuti ambalo wewe na kaka zako mlikuwa mkilitikisa mkidhani lina kitu kitamu. Mama yako anajua. Nilimwambia mwaka tuliooana, akasema, "Basi mwandikie." Amekuwa akiniambia hivyo kwa miaka ishirini na sita, na unamjua mama yako, hachoki.

Sasa nikusimulie habari ya mzee Mubarak, maana inakuhusu wewe na kazi unayoiendea.

Utakumbuka ule mradi wa khori hapa Sur, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, miaka ya tisini mwanzoni. Ulikuwa darasa la tatu au la nne, unawaringia wenzako kwamba baba yako anajenga bahari. Sikujenga kitu mimi. Wahandisi walikuwa na michoro yao, na mimi nilikuwa mtu wa kukaa na wenyeji, niwaeleze na niwasikilize, kazi hiyo hiyo unayoifuata wewe. Nyinyi mnaiita ushirikishwaji wa jamii. Sisi tulikuwa hatuna jina lake, tulikuwa tunakwenda kunywa kahawa.

Mzee Mubarak alikuwa na mashua ya kuvushia watu, kutoka upande wa soko mpaka Al-Ayja. Abiria wake wengi walikuwa wakongwe, na wanawake wenye mizigo. Mchoro wetu uliweka ukuta ulionyooka na uzio wa chuma palepale anapopakilia, na ngazi za kushukia majini zikapelekwa mbali, karibu na maegesho ya magari, kwa sababu huko zilionekana vizuri zaidi. Tukaitisha kikao kwenye sabla ya mtaa, ule ukumbi wa wanaume. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye kikao. Kahawa ikapitishwa, kila mtu akanywa akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Mzee Mubarak alikipokea chake, akakiweka juu ya zulia mbele ya goti lake, na hakukigusa tena. Akawa ananitazama.

Mimi mtoto wa Pangani. Kahawa kwetu ni ya barazani, na kashata, huku watu wanabishana. Anayetaka anakunywa, asiyetaka basi. Nikamwita mtiaji kahawa nikamwambia kwa sauti, tena kwa mapenzi kabisa, "Mzee hapendi kahawa, mleteeni chai ya maziwa." Watu wote wakainamia zulia. Chai ikaja, nayo hakuigusa. Nikafungua michoro, nikaeleza, nikauliza nani ana neno. Hakuna aliyesema. Nikaandika kwenye muhtasari kwamba wote waliohudhuria wameridhia, na majina yao chini, na la Mubarak limo. Nilirudi nyumbani nimefurahi kwamba kikao kimekwisha mapema.

Ukuta umeshasimama, tukaenda Samad kumtembelea babu yako mzaa mama. Baada ya kula nikakitoa kisa kile kwa kuchekesha, habari ya mzee wa Sur asiyependa kahawa. Hakucheka mtu. Babu yako akauliza taratibu, "Alikiweka kikombe chini asinywe?"

"Ndiyo, ami," nikamjibu, maana huku mkwe naye huitwa ami.

"Mbele yako wewe, mwenye kikao?"

"Ndiyo."

Akapangusa mikono yake kwanza. "Ya Nasor, yule mtu alikuwa na haja kwako. Mgeni akiweka kikombe chini, wewe humuuliza haja yako nini. Ukishamkubalia ndipo anapokunywa. Wewe umemkatalia mbele ya jamaa zake hata hajafungua mdomo. Kisha ukampa chai ya watoto."

Kila mtu aliyekuwa kwenye sabla ile aliijua maana yake isipokuwa mimi niliyekuwa nimeshika kalamu. Na wao walidhani najua, kwamba nimeona nikamdharau makusudi.

Tuliporudi Sur nilikwenda kwake moja kwa moja. Mashua ilikuwa imepinduliwa kando ya nyumba, mashine imetolewa. Kama wazee wengi wa Sur, Kiswahili alikipata ujanani kwenye safari za Unguja na Mombasa, basi tukazungumza hicho.

"Mzee wangu, wallahi sikujua maana yake," nikamwambia.

"Jina lako la kwetu, babako wa kwetu. Vipi hujui?"

"Mila za huku nimezikuta ukubwani."

Nilidhani atanifukuza. "Sasa haja gani ya kujua mila, waladi?" akasema. "Ungeniuliza tu, mbona hunywi."

Akaniitia kahawa, na mimi nikainywa, maana sikuwa na uso wa kuomba chochote. Nilikwenda kwa wakubwa wangu nikawaambia muhtasari niliouandika una jambo la uongo ndani yake, na uongo ule ni wangu. Ngazi zikachongwa ukutani palepale alipokuwa akipakilia, lakini baada ya miaka miwili. Kufikia hapo mzee Mubarak alikuwa haoni vizuri, na mashua ameshaiuza. Siku hizi Alhamisi jioni watu hukaa kwenye ngazi zile wakila aiskrimu. Umeshakaa hapo mara nyingi na rafiki zako. Mimi sijawahi kukaa.

Kwa hiyo mwanangu, unayemwona anakupa mawaidha amekosea kwa kalamu mara mbili. Kwenye karatasi moja aliacha jina la mtu aliyekuwapo, kwenye nyingine akatia jina la mtu asiyekubali. Mara ya kwanza niliulizwa nikajibu uongo, mara ya pili mtu alikuwa mbele yangu na sikumuuliza.

Utakapokaa na watu wa Pangani watakukubalia haraka, kwa sababu wana adabu na wewe ni mgeni, tena mtoto wa watu. Watakwambia, haya mwanangu, tumekusikia. Usiandike kitu siku hiyo. Rudi tena, kaa mpaka chai ya pili, na umtafute yule aliyenyamaza kuliko wenzake. Waulize wale kina mama wanaosuka kamba za makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa matopeni ukingoni miezi mingi mpaka yalainike, ndipo yapondwe. Nimeutazama mchoro wako vizuri. Una ukuta, una gati, una mikoko. Matope hayamo.

Kiswahili chako usikionee haya. Watakucheka ukisema khalas baada ya kila neno, na ukichanganya hiki na kile, nawe cheka nao. Nilikuwa nakusahihisha kila siku wakati wa kula mpaka mama yako anakasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa sikufundishi wewe. Nilikuwa na hamu ya kusikia mtu mmoja katika nyumba hii anazungumza kama kule.

Nina hamu na mto ule, Zuwena. Ninakwambia wewe kwa sababu unakwenda kuuona na mimi nabaki. Huku wadi, yale mabonde makavu, ikishuka na maji ya mvua, watu huondoa magari yao na kupanda juu. Mimi huchukua langu nikateremka karibu, mama yako ananipigia kelele nyuma, niende nikatazame maji yana rangi gani. Siku mbili tatu kisha hakuna, ni mawe matupu tena. Pangani maji yanapita usiku na mchana na hakuna anayeyashangaa. Nakuonea wivu, baba mzima.

Sasa haja yangu. Ukifika, kabla ya kikao chochote, waambie wakubwa wako kwamba mwenye jina la kumi na moja ni shangazi yako, wampe mtu mwingine habari zake. Kisha nenda kwake peke yako. Usibebe michoro. Sitaki adhani nimekutuma umlainishe kwa ajili ya ukuta wenu. Ukuta aukatae akitaka, na akikataa iandikwe kwamba amekataa.

Mpe shikamoo. Atakukaribisha hata bila kujua wewe ni nani, hakuwa mtu wa kumwacha mgeni mlangoni. Ataleta kahawa, au chai. Kiweke kikombe chini mbele yako, usinywe. Yeye hana habari na mila za Sur wala za Samad, hatajua maana yake. Lakini hataweza kuvumilia kumwona mgeni hanywi. Atakuuliza. Mbona hunywi, mwanangu? Hapo ndipo useme. Mwambie wewe ni wa Nasoro, na Nasoro anaomba ruhusa ya kuja.

Tikiti sijakata. Miaka yote hii ningeweza kwenda, nikawa nasema kazi, nikawa nasema watoto wadogo. Sasa kazi nimestaafu na mdogo wa mwisho ananipita urefu. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa, lakini safari hii nataka nikaribishwe na mwenyewe au nikataliwe na mwenyewe. Akisema nije, kunywa, kisha unipigie simu palepale. Akisema nisije, kunywa vilevile, kosa si lako, na ukae naye, urudi kesho yake, na siku ya pili yake. Yeye ni shangazi yako hata kama mimi si ndugu yake tena.

Atauliza mengi. Mjibu kila unachokijua, hata vile viroja vyangu vya kuendesha gari. Ila usimwambie nilisahau. Hilo ndilo litakalokujia mdomoni kwa kunionea huruma, nakujua. Sikusahau hata siku moja, na ana haki ya kulijua hilo, hata kama linaniaibisha zaidi.

Nasikia mlango wa uani, mmerudi. Mama yako anauliza nani kaisogeza halwa. Kuna karatasi nyingine ndani ya bahasha hii, nimeiandika kwa hati yangu nzuri, ile uliyozoea kuicheka. Mpe mkononi. Kama macho yake hayaoni vizuri, msomee.

Mungu akufikishe salama, akurudishe salama, na akuweke karibu na watu.

Baba yako,
Nasor

*

Watoto wa Seif, wa Pangani:

Mwanahamisi.
Nasor.
Said.
Ali.

Hawa ndio wote.